Kimya Hakulewa

Soda ilikuwa ya baridi, na Kimya alikwisha kuigugumia nusu chupa pale mkewe alipomfumania. Alikuwa amejibanza kwenye kona ya duka, nyuma ya magunia ya mchele, uso ameuelekeza ukutani kama mtu anayejisitiri, koo lake likipanda na kushuka kwa pupa. Mama Sare alikuwa amefuata nyuzi tu za cherehani. Alimpokonya chupa, akaigeuza juu chini mlangoni, na soda yote ikamwagika vumbini, povu likatokota kidogo halafu likazama.

"Unataka kufa?" alimuuliza. "Unataka kunifanya mjane kwa ajili ya soda?"

"Mama Sare, mwache mzee wa watu anywe," muuza duka alisema, akiegemeza viwiko vyake vinene juu ya kaunta. "Angalau leo kachagua chupa ya watoto."

Wateja wawili watatu waliangua kicheko. Mama Sare hakuuelewa mzaha ule papo hapo. Alikuwa akimtazama mumewe. Mikono yake ilitetemeka, shati limemganda mgongoni kwa jasho ilhali asubuhi ile ilikuwa na ubaridi, na macho yake yalimpita mkewe kama yanamtafuta mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Kisha akamtolea neno. Lilikuwa neno la matusi ambalo, katika ndoa yao yote, halikuwahi kukanyaga kizingiti cha nyumba yao. Akatoka, bega lake likagonga mwimo wa mlango, akaelekea kibandani kwake bila kugeuka.

Mama Sare alilipia nyuzi na kuondoka. Alikuwa nusu ya njia alipoelewa kwa nini watu walicheka.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli na funguo. Jina la Kimya alipewa na wateja, kwa kuwa aliweza kukuchongea ufunguo mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo, akakukabidhi, akaitikia kwa kichwa, basi. Wengine walitania kwamba kufuli la kwanza alilotengeneza lilikuwa la mdomo wake mwenyewe. Lakini kwa kazi ile ukimya ulikuwa mali. Watu walimwachia funguo za nyumba zao, za maduka yao, hata za makabati ya ofisi, wakaenda zao na kulala usingizi. Na pombe hakuijua. Kwenye sherehe alikuwa akinusa kwanza glasi ya juisi ndipo ainywe.

*

Jioni ile binti yao aliingia akiwa bado na vumbi la chaki kwenye sketi. Alifundisha shule ya msingi iliyo karibu, ile ile ambayo sare zake zilishonwa na mama yake. Aliweka mkoba chini, akakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani, akawa anachezea kipande cha kitambaa.

"Mama, hivi baba anakunywa?"

Mama Sare aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Nani kasema?"

"Nani hajasema? Leo walimu walinyamaza nilipoingia ofisini. Mmoja akanifuata nje, akaniambia juzi baba alimtukana mama mmoja aliyekwenda kuchukua ufunguo. Alimwita mwizi. Halafu akalala pale pale juu ya meza, mate yanamtoka."

"Anaumwa. Sukari inamsumbua."

"Mama, wangapi wana sukari? Mbona hawatukani?"

Mama Sare swali lile alikuwa amejiuliza mwenyewe. Mara nyingi mchana, Kimya aliporudi nyumbani kabla ya wakati na kujitupa kitandani, alikuwa ameinama juu yake na kumnusa mdomo kama mama anavyomnusa mtoto anayemshuku kala udongo. Hakuwahi kusikia harufu.

"Hanuki pombe," alisema.

"Kuna pombe zisizonuka."

"Zipi hizo?"

"Sijui. Walimu wanasema zipo."

Kesho yake alikuja msimamizi wa lile jengo kubwa la ofisi ambalo Kimya alilihudumia tangu lilipojengwa. Alikuja nyumbani, wala hakwenda kibandani, na adabu yake ndiyo iliyochoma zaidi. Alivua viatu mlangoni. Aliuliza habari za watoto, za kazi, za cherehani. Mwishowe akasema amekuja kuchukua funguo za akiba.

"Si mimi, mama. Ni wakubwa wameamua tu kubadilisha utaratibu."

Mama Sare alilitoa fungu la funguo kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Yule bwana akazihesabu mbele yake. Kisha, akiomba radhi, akazihesabu tena.

Katika aibu ile yote, jambo moja lilimpa Mama Sare faraja: dawa. Alizishika dawa za mumewe kama mtu anayeshika ibada. Vidonge vya sukari, asubuhi na jioni, aliviweka mwenyewe kwenye kiganja chake na kusimama hadi aone vimemezwa. Pale kliniki walipompima na kukuta sukari iko juu, wakamwongezea, na yeye akaongeza bila kubisha. Sukari ya chai aliifukuza nyumbani, chakula alikipunguza. Muuguzi wa kliniki aliwahi kumsifu mbele ya foleni nzima: "Wagonjwa wote wangekuwa na mke kama huyu, sisi tungekosa kazi." Na siku hizi Kimya mwenyewe alikuwa akibakiza chakula kwenye sahani, akisema hakimpandi. Mama Sare alifurahi. Alidhani hatimaye mumewe amejifunza kujizuia.

*

Kikao cha familia kiliitishwa na kaka mkubwa wa Kimya. Alikuwa mtu mwenye sauti, mwenye gari, mwenye kupenda kutangulizwa, na habari za mdogo wake zilikuwa zimemfikia zikiwa zimetiwa chumvi ya kutosha.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Sare alimpa mumewe vidonge kwa saa yake kama kawaida. Chakula alikiandaa, akakifunika kwa sahani nyingine na kukiweka jikoni. Aliona si adabu mtu aliyeitwa kusemwa akutwe anatafuna. Kaka angefika punde, wangezungumza, halafu wote wangekula pamoja. Lakini kaka alichelewa, na alipofika alianza mbali sana, tangu marehemu baba yao alivyowalea kwa taabu.

"Jina letu," alisema, akipiga kiti kwa kiganja, "halijawahi kutajwa kilabuni. Mimi leo nikipita barabarani naulizwa, yule mlevi wa funguo ni nduguyo? Nijibu nini? Wewe niambie, nijibu nini?"

Kimya alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye mashavu na kudondoka kwenye suruali.

"Unaona anavyotoka jasho? Ni kuumbuka huko. Jibu, mdogo wangu."

Kimya akainua kichwa. Akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha kitoto, na binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni alijishika mdomo. Kisha Kimya akaanza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa. Akalivua, akalikunja vizuri, akainuka na kuliweka mapajani mwa kaka yake kama anayemkabidhi mteja kazi.

"Imekwisha," alisema. "Chukua uende. Mwizi mkubwa wewe."

Na baada ya hapo yakamtoka matusi, mazito, ya nguoni, yakimtaja marehemu mama yao aliyewazaa wote wawili. Kaka alisimama, shati likaanguka. Kabla hajapata la kusema, magoti ya Kimya yalilegea, akaenda chini kifudifudi, na mwili wote ukaanza kurukaruka sakafuni.

"Mwacheni!" kaka alipiga kelele. "Ni pombe hiyo imempanda. Mmwagieni maji."

Binti akamwagia maji. Degedege halikukoma. Mama Sare alipiga magoti, akamgeuza ubavu, akaliona povu lenye damu, maana alikuwa ameuma ulimi.

"Shemeji, gari. Tumpeleke hospitali."

"Atanichafulia..."

"Shemeji, nakuomba!"

Kaka alikwenda. Lakini walipomfikisha Kimya kwenye gari, wakiwa wamembeba mikono na miguu, iliwabidi wasimame na mzigo wao juani wakisubiri, kwa sababu kaka alikuwa akitandika magazeti kwenye kiti. Aliyatandika kwa makini, akiyapachika ncha kwenye mianya ili yasiteleze. Majirani walikuwa wametoka kwenye vibaraza vyao. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

*

"Amekunywa nini?" muuguzi wa mapokezi ya dharura aliuliza, akivuta pumzi puani.

"Pombe," kaka alijibu. "Ni mlevi, wala tusifichane."

Muuguzi alimchoma Kimya kidoleni hata hivyo, akaangalia kimashine cha kupimia sukari. Akakitikisa. Akamchoma kidole kingine. Kisha akaita kwa sauti ambayo Mama Sare hakuisahau, na watu wakaja mbio, pazia likavutwa.

Kaka alitazama saa. Alisema ana watu wanamsubiri, gari ameliacha mahali pabaya, na kwamba wampigie simu kukiwa na lolote. Hivyo hakuwepo pale maji ya sukari yalipoingizwa mshipani mwa mdogo wake kwa bomba la sindano, polepole, na Kimya, aliyekuwa amelala kama gogo, akafumbua macho kabla hata bomba halijaisha. Akatazama dari. Akamtazama mkewe, safari hii kweli akimwona.

"Shati langu liko wapi?" aliuliza.

Binti alilia akiwa ameegemea ukuta.

Daktari aliyekuja kumwona wodini alikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, mwanamke mfupi, mwenye mafua makali siku hiyo, barakoa usoni na leso mkononi. Alivisoma vipimo vya damu akiwa amesimama, kisha akavuta kiti na kukaa. Mama Sare alijua daktari akikaa, habari si nyepesi.

"Dawa anapewa na nani nyumbani?"

"Na mimi."

"Huwa anaruka siku?"

"Haruki. Hata wiki ya msiba wa mama yangu hakuruka." Alilisema kwa fahari, na alingoja tabasamu ambalo watu wa kliniki humpa. Daktari hakutabasamu.

"Figo zimewahi kupimwa?"

"Kule kliniki wanapima sukari na presha."

"Chakula anakula vizuri?"

"Siku hizi anakula kidogo. Anajizuia."

Daktari aliifuta pua chini ya barakoa. "Mama, hajizuii. Figo zake zimechoka, na figo zikichoka hamu ya kula nayo inakwenda. Sasa, vidonge hivi anavyotumia hutolewa mwilini kwa figo. Zikishindwa, cha jana kinakuwa bado kimo, na cha leo kinaingia juu yake. Na chakula chenyewe anakula kidogo. Sukari inashuka, inashuka, mpaka ubongo unakosa cha kutumia. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anacheka ovyo, anatukana. Ukimwona utaapa kalewa."

Mama Sare alikuwa ameshika chuma cha kitanda. "Soda," alisema.

"Soda gani?"

"Alikuwa anakunywa soda kwa kujificha."

"Ahaa. Mwili ulikuwa unajitafutia dawa," daktari alisema, akiandika, bila kujua kaweka nini kifuani mwa aliyekuwa mbele yake.

Kwenye kitanda cha tatu mgonjwa alikohoa. Kisha Mama Sare akauliza, na sauti yake ilikuwa imepanda, "Sasa mbona hawakuniambia? Mimi nilifanya kila walichoniambia. Wameniongezea dawa, nimempa. Wamesema chakula kidogo, nimepunguza. Mbona hakuna mtu aliyeniambia?"

Daktari aliacha kuandika.

"Sisi tulifundishwa hivyo, mama. Sukari ishuke, na ikishuka ndiyo sifa ya daktari. Mwezi huu huu tumekaa kwenye semina, madaktari watupu, tukiambiwa tuwachunguze upya wazee tulio nao: tusiwabane mno, tupime figo kwanza, na dawa hii tuwapunguzie au tuwatoe. Kwa mtu wa umri wake, sukari kuwa juu kidogo si hatari kama kushuka hivi. Nilitoka pale nikakumbuka mzee mmoja niliyemwandikia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimempigia simu hapatikani." Akajipangusa pua tena. "Kwa hiyo sina la kukuambia litakalokutosha. Leo halali nyumbani. Dawa ile bado imo mwilini, inaweza kumshusha tena."

Na kweli, kabla jua halijatua ilimshusha tena, na tena wakamwinua kwa maji ya sukari.

*

Alipotoka hospitali Kimya alikuwa amekonda, na alikuwa na tarehe ya kwenda kliniki ya figo. Vile vidonge vilikwisha kutupwa. Alipewa dawa nyingine, akaambiwa ale kila mlo, na akihisi kutetemeka atie kitu kitamu mdomoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Daktari alilisema hilo la mwisho akimtazama mgonjwa, lakini Mama Sare alihisi linampiga yeye usoni.

Hakuwa amemwambia mumewe chochote kuhusu soda. Wala Kimya hakuitaja. Hakukumbuka mengi. Alikaa kwenye mkeka karibu na cherehani, akimtazama mkewe akishona, na siku moja akasema, "Niambie nilichofanya."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Najua. Niambie nilichofanya, na kwa nani."

Ikambidi amwambie. Yule mama aliyeitwa mwizi. Bwana wa duka la hardware aliyetukaniwa binti zake. Msimamizi wa jengo. Kaka. Kila jina lilimfanya Kimya ainamishe kichwa kidogo zaidi, kama mtu anayepita kwenye milango mifupi. Alipomaliza, Kimya alisema, "Nitakwenda kuwaomba radhi."

"Twende na cheti cha hospitali. Wasome wenyewe kwamba hukulewa."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Uliyemtukana hataki kusomewa figo zako. Anataka umwombe radhi." Kwake yeye ilikuwa hotuba. "Niachie mimi niseme."

Walizunguka pamoja, kwa sababu bado hakuwa na nguvu za kutembea peke yake. Yule mama alilia na kumshika mkono kabla hajamaliza kusema. Bwana wa hardware alimsikiliza akiendelea kupanga misumari, akasema, "Yamepita, mzee," ila hakuinua macho. Msimamizi wa jengo alikuja hadi mapokezi, akawasalimia kwa adabu yake ile ile, akawauliza habari za nyumbani, na kuhusu funguo hakugusia neno. Kimya naye hakuuliza. Kila mahali alisema maneno yale yale machache: nilikukosea, naomba unisamehe. Hakutaja ugonjwa. Kila mahali Mama Sare alisimama nyuma yake akiwa ameuma midomo, akiona jinsi watu walivyoyapokea maneno yale kama toba ya mlevi.

Kaka mkubwa walimkuta amekaa barazani na wageni wake. Binti alikwisha kumpigia simu zamani na kumweleza habari za sukari na figo. Alijibu kwamba sukari na pombe hukaa nyumba moja. Hakuinuka. Aliwaacha wasimame pale chini ya ngazi.

"Kaka," Kimya alisema, "nilikutukana. Na mama nilimtukana. Naomba unisamehe."

Kaka aliwageukia wageni kwanza, ahakikishe wanasikia. "Mimi ni mkubwa," alisema. "Mkubwa ni jalala. Nimekusamehe. Hapa mbele ya watu hawa, nimekusamehe. Ila hiyo pombe uiache, mdogo wangu. Itakuua."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanza kugeuka aondoke. Mama Sare hakugeuka.

"Hakulewa, shemeji."

"Shemeji, mambo yamekwisha..." kaka alisema.

"Hakulewa hata siku moja. Nilikuwa nampa dawa iliyomzidi. Mimi, kwa mkono huu. Asubuhi na jioni, nasimama mpaka ameze. Akitetemeka namnusa mdomo. Alipokimbilia soda aiokoe roho yake nilimpokonya nikaimwaga mbele ya watu, wakamcheka. Siku ile ya kikao alikuwa anakufa mbele yako, na chakula chake kiko jikoni, nimekifunika mimi, kwa heshima yako wewe." Akapanda ngazi ya kwanza. "Kama umeamka leo unatafuta wa kumsamehe, nisamehe mimi. Yeye mwombe radhi."

Mgeni mmoja aliweka kikombe chini. Kaka alitazama magoti yake. Hakuomba radhi. Aliguna, akasema kuna jua kali, waingie ndani wapate maji. Lakini Kimya alikwisha kuanza kutembea.

Mama Sare alimfuata hatua kadhaa nyuma. Alikuwa ameyasema yote, hata lile ambalo mumewe hakulijua, na sasa alingoja. Alitaka asikie kwamba hana kosa. Daktari alikuwa ameibeba lawama mwenyewe, binti amesema hana kosa, lakini daktari na binti si wao waliomeza vile vidonge. Kimya alikwenda kwa mwendo wake wa mgonjwa, mabega yamemshuka, hasemi kitu. Walipita kwenye maduka ya nguo. Walipita kwenye gereji, ambako mtu alikuwa chini ya gari akipiga mluzi.

Walipofika barabara kubwa alisimama akamngoja. Magari yalikuwa yakipita kwa kasi, yakiinua vumbi. Mama Sare alimfikia, akasimama ubavuni mwake, hathubutu kumtazama usoni.

Kimya alimshika kiwiko, akamvuta taratibu, akabadilishana naye nafasi.

"Pita upande huu," alisema. "Huko kuna magari."